Vipimo vyote safi, samaki wanakufa

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina tangi la maji ya bahari la lita 300 sebuleni, Mikocheni, limeshapita mwaka sasa. Lilikuwa na kangaja wawili, vipepeo watatu, wale wa anemoni wawili, na kamba wawili wa kusafisha. Tangu mvua zianze wamekufa kamba wote, wakafuata kangaja, kisha vipepeo mmoja mmoja, yote ndani ya wiki tano. Wamebaki wa anemoni tu. Kila anayekufa namkuta asubuhi, na jioni yake alikula vizuri. Hawana madoa wala vidonda. Nimepima: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati 10, pH 8.1, chumvi 1.025, joto nyuzi 29. Maji nachota Coco Beach, nabadilisha kila baada ya wiki mbili. Mbu wamezidi, kwa hiyo siku hizi tunafunga madirisha mapema. Dukani wameniuzia dawa ya shaba, wanasema ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Niiweke?

JIBU: Pole sana ndugu msomaji. Usiiweke. Ifunge vizuri, iache kabatini, tuongee kwanza.

Vipimo vyako ninaviamini. Ila angalia vinapima nini: taka za samaki, chumvi, joto na pH, basi. Havioni oksijeni, havioni shaba, havioni dawa ya wadudu, wala havioni vijidudu. Sifuri ya amonia inakwambia filta inafanya kazi yake, jambo la kushukuru, lakini haisemi maji ni salama. Na hiyo nitriti, hata ingeonekana kidogo nisingeshtuka. Kloridi iliyojaa kwenye maji ya bahari huizuia isipenye kwa wingi kwenye matamvua, ndiyo maana kiasi kinachomuua samaki wa maji baridi hakimsumbui sana kangaja.

Kwa hiyo weka karatasi ya vipimo pembeni, tusome orodha ya vifo. Mimi huanza hapo kila mara, kwa sababu mpangilio wa vifo husema mengi kuliko maiti yenyewe. Wote wakifa usiku mmoja, fikiria hewa au sumu iliyoingia kwa wingi. Akifa mgeni tu, wenyeji wakabaki wazima, fikiria alivyovuliwa, alivyosafirishwa na alivyozoeshwa maji. Samaki wakiisha huku kamba na konokono wanatembea bila wasiwasi, hapo ndipo vijidudu vya samaki vinapoingia kwenye mazungumzo. Kwako kamba walitangulia. Cryptocaryon, Amyloodinium na wenzao wanaotibiwa kwa shaba ni vimelea vya samaki, kamba havimhusu. Kitu kinachoua kamba kwanza halafu kikamaliza samaki polepole, mara nyingi ni sumu. Ama metali, ama dawa ya wadudu.

Lakini kwanza hakikisha kamba walikufa kweli. Kamba hujivua gamba kila baada ya wiki chache, na gamba lile lina miguu, lina macho, lina hadi ndevu. Wengi wameliokota wakalizika. Gamba tupu linapitisha mwanga na limepasuka mgongoni, ukilibonyeza halina kitu ndani. Kamba aliyekufa hupoteza ung'avu, mwili unakuwa mweupe au wa waridi kama aliyechemshwa, na ananuka. Kama ulichokiona ni gamba, kisha kamba mwenyewe hakuonekana tena, bado tunamhesabu kama marehemu. Kama yuko nyuma ya jiwe anajificha hadi gamba jipya likomae, hoja yangu inayofuata inapungua nguvu, na unieleze.

Sasa sentensi yako moja uliyoipitia haraka: mbu wamezidi, mnafunga mapema. Hukusema mnatumia nini baada ya kufunga. Nyumba nyingi za Dar wakati wa masika hupuliza dawa ya kopo magharibi, au huwasha ile ya kuchoma, au huchomeka ile ya kwenye soketi hadi asubuhi. Karibu zote zina kemikali za kundi la pairethroidi, ndugu wa kiwandani wa pareto ile inayolimwa nyanda za juu, Iringa na Mbeya. Kwa binadamu si kali sana, maana miili yetu huivunjavunja upesi. Samaki huivunja polepole mno, tena matamvua yake hufyonza kilichomo majini mchana na usiku. Kamba ndiye hana ujanja kabisa. Mishipa yake ya fahamu inafanana na ya mende, na mende ndiye aliyekusudiwa. Kwa baadhi ya dawa hizi, mikrogramu moja kwa lita inatosha kumuua kamba. Piga hesabu kwa lita zako 300: mikrogramu 300, yaani theluthi ya miligramu. Ni kama nusu ya chembe moja ya sukari.

Utasema tangi lina kifuniko. Kifuniko hakisaidii, kwa sababu dawa haishuki juu ya maji tu, inavutwa. Inama ufungue kabati la chini. Pampu ya hewa iko humo, inanyonya hewa ya sebuleni na kuisukuma hadi kwenye jiwe la hewa, mapovu madogo madogo, usiku kucha. Kama una skima, ile mashine ya kutoa taka majini kwa povu, hiyo ni mbaya zaidi, kwani kazi yake ni kuchanganya hewa na maji kwa nguvu, na mrija wake mwembamba unanyonya hewa nyingi kila saa. Mmejifungia ndani na dawa, na mashine mbili zinaiosha ile hewa kwenye maji ya samaki. Magharibi mnapuliza, saa tatu taa ya tangi inazimwa, alfajiri unaokota. Na kwa kuwa kila siku kinaingia kidogo tu, hawaanguki kwa pamoja. Anatangulia dhaifu.

Siwezi kuapa kwamba ndiyo hiyo bila kuona, ila kama ningekuwa nyumbani kwako ningeanza hapo kabla ya kugusa chupa yoyote ya dawa.

Njia nyingine ya dawa ileile kuingia ni ndoo. Ndoo ya kuchotea maji ya bahari ikitumika kufulia chandarua chenye dawa, au ikikaa na kitambaa kilichopigia deki baada ya kupuliza mende, imeshaharibika kwa kazi ya samaki. Suuza unavyosuuza, plastiki inabaki na mabaki. Nunua mbili mpya, ziandike SAMAKI kwa wino usiofutika, na uwaambie watu wa nyumbani wazi kabisa kwamba hizo haziguswi. Hata mikono: aliyejipaka mafuta ya kufukuza mbu asiingize mkono tangini.

Metali ni ya kukagua kwa dakika kumi. Sumaku ya kusafishia kioo ikipasuka ganda, chuma cha ndani kinaoza na kuyeyukia majini. Tazama vibano vya mipira, skrubu za taa zinazodondosha matone ya kutu, na senti ambazo watoto hutumbukiza. Na maji ya kujazia yanayopungua kwa mvuke unayatoa wapi? Hukusema. Kama ni ya bomba moja kwa moja, kuna klorini. Kama ni ya kisima, huenda yana chumvi na madini yake. Kwa tangi la lita 300 haikuumizi sana kutumia maji ya kunywa yaliyochujwa kwa mashine, yale ya madumu makubwa.

Oksijeni siiachi, kwa sababu vifo vya alfajiri ni desturi yake. Maji ya bahari ya nyuzi 29 yakijaa kabisa hubeba miligramu 6 na kidogo tu za oksijeni kwa lita. Usiku mwani nao unavuta badala ya kutoa, kwa hiyo kiwango hushuka hadi karibu na kucha. Umeme ukikatika saa nane za usiku ukarudi saa kumi, hutajua, ila saa ya mikrowevu itakusuta kwa kupepesa sifuri. Na filta ya nje iliyofungwa ikizimika kwa saa kadhaa, bakteria wa ndani huanza kufa kwa kukosa hewa. Umeme ukirudi, yale maji machafu yanasukumwa tangini kwa mkupuo. Kwa hiyo ikikaa muda mrefu imezimika, ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya bahari, ndipo uiwashe.

Kipimo chako cha pH kinaweza kusaidia hapa, kwa saa tofauti. Pima saa kumi na mbili jioni, kisha saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya kuwasha taa. Ikishuka kutoka 8.1 hadi 7.8 au chini zaidi, hewa ukaa inakusanyika na maji hayapumui vya kutosha. Samaki aliyekosa hewa hufa mdomo wazi, vifuniko vya matamvua vimetanuka, na mara nyingi wakubwa hutangulia. Kwako waliotangulia ni kamba, ndiyo maana oksijeni ninaiweka ya pili.

Vijidudu ninaviweka vya tatu. Aliyekuuzia shaba hakukosea kwamba Amyloodinium inaweza kuua kabla hujaona alama. Lakini huua kwa kasi, siku chache tangi zima, na samaki wa anemoni hushikwa nayo upesi kama wengine. Wako wamekaa wiki tano katikati ya vifo, na wanakula. Ukiona wanahema haraka, wanakimbia mwanga, wanasimama mbele ya pampu, na ukimulika tochi kwa ubavu kuna vumbi la dhahabu ngozini, nitabadilisha maneno. Hata hapo shaba haiwekwi kwenye tangi kuu. Huwekwa kwenye tangi tupu la matibabu, shaba huru ya miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ikipimwa kila siku, huku tangi kuu likikaa bila samaki kwa wiki sita hadi kumi na moja kutegemea kidudu. Ukiimwaga sebuleni, mawe na mchanga wa matumbawe vitainyonya, dozi itakuponyoka, na huenda kamba na konokono wasiishi tena humo. Juu ya hayo unawaongezea mzigo samaki ambao pengine tayari wana sumu mwilini.

Fanya hivi kuanzia leo. Acha dawa zote za mbu ndani ya nyumba, ya kuchoma nayo ni dawa. Tumieni vyandarua na wavu wa madirishani. Ongeza mrija wa pampu na wa skima, upitishe dirishani hadi upande wa nje ambako hakuna anayepuliza. Weka mkaa amilifu kwenye filta, ule wa kuchujia maji ya tangi, si wa jikoni, ujaze vikombe viwili kwenye mfuko wa wavu, na ubadilishe baada ya siku nne au tano. Badilisha theluthi ya maji, na baada ya siku tatu theluthi nyingine.

Ila maji hayo ya kubadilishia usichote kiholela. Masika mto Msimbazi hushusha uchafu wa jiji zima baharini pale daraja la Salender, na ufukwe wako hauko mbali. Nenda wakati wa bamvua, maji yanapojaa, siku ambayo mvua haijanyesha, mbali na mdomo wa mtaro wowote. Pima chumvi kabla ya kuyabeba, maana baada ya mvua tabaka la juu huwa jepesi. Kama umeandika tarehe za kubadilisha maji, zilinganishe na za vifo. Vifo vikifuata siku ya pili au ya tatu baada ya kila badiliko, shaka yangu itahama kutoka kwenye mbu kwenda kwenye maji yako ya pwani.

Kabla ya kubadilisha chochote, lakini, toa lita kumi za maji ya sasa kwenye ndoo mpya. Ndoo ya pili weka lita kumi za maji mazuri ya bahari. Zipeleke barazani, kila moja na jiwe lake la hewa, kivulini, joto lilingane. Maji yakipwa, vidimbwi vya kwenye miamba vina kamba wadogo wengi, weka watano kila ndoo. Wa maji ya tangi wakilala ubavu na miguu ikitetemeka ndani ya siku mbili huku wenzao wazima, umepata jibu ambalo hakuna kipimo cha matone kingekupa. Wakibaki wazima wote, sumu haimo kwenye maji ya leo, na tunarudi kwenye pH ya alfajiri.

Akifa samaki mwingine, usimtupe. Inua kifuniko cha tamvua, piga picha kwa mwanga wa mchana, unitumie pamoja na zile pH mbili na matokeo ya ndoo. Usinunue samaki kwa sasa hata ukipewa bei nzuri. Wiki nne zikipita bila kifo, anza na kamba mmoja, kwa kuwa ndiye atakayekwambia mapema zaidi.