Kwa kidato cha tano, kabla hamjapanda tena jukwaani na Hiroshima

Wanangu wa klabu ya mdahalo, Ijumaa nilikaa nyuma, karibu na mtunza muda, nikawasikiliza mpaka kengele ya mwisho. Mada mnaijua: "Marekani ilikuwa na haki kutumia bomu la atomiki ili kumaliza vita." Mlipendeza, sauti zilifika hadi bwaloni. Lakini msemaji wa tatu wa kuunga mkono alipotamka "watu milioni moja" na ukumbi mzima ukagonga madawati, tumbo lilinikata. Nondo hiyohiyo niliishusha mimi nikiwa kidato cha sita. Nimeshindwa kunyamaza, ndiyo maana nawaandikia.

1. Anzeni na kalenda. Wengi wenu mlisema bomu lilianguka, Japani ikasalimu amri, basi. Hapana jamani! Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Tarehe 8 Umoja wa Kisovieti ukaitangazia Japani vita, na saa chache baadaye, kuamkia tarehe 9, majeshi yake yakaingia Manchuria. Asubuhi hiyo wakuu sita wa baraza la vita la Japani walikutana Tokyo, na habari za bomu la pili, la Nagasaki, ziliwakuta wakiwa bado kikaoni. Hata hapo waligawanyika watatu kwa watatu. Waziri Mkuu Suzuki, Waziri wa Mambo ya Nje Togo, na Yonai walikuwa tayari kusalimu amri kwa sharti moja, mfalme abaki. Anami, Umezu na Toyoda wakadai na mengine matatu. Ilibidi Mfalme Hirohito akate shauri mwenyewe usiku wa manane, na watu wakaisikia sauti yake redioni tarehe 15. Kilichowainamisha ni bomu la kwanza, la pili, au Wasovieti? Mdahalo wenyewe uko hapo, na wanahistoria hawajamaliza kubishana. Ukiiruka tarehe 8, umempa mpinzani wako goli la bure.

2. Majeruhi si maiti. Hapa mnivumilie, maana nitakaa.

Nilikuwa mzungumzaji mkuu wa upande wa kuunga mkono, siku ya mahafali, wazazi na wageni waalikwa wamejaa. Nilijiandaa kwa madesa niliyopewa, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, nikatafsiri mwenyewe usiku kwa mwanga wa koroboi. Mle kulikuwa na sentensi ya Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani, kutoka makala yake ya Februari 1947: kwamba aliarifiwa uvamizi wa Japani ungeweza kuyagharimu majeshi ya Marekani peke yake zaidi ya milioni moja. Milioni ya nini? Neno alilolitumia Stimson, "casualties," linakusanya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Mimi sikulitazama mara mbili. Niliandika "askari milioni moja wangekufa," nikalipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Jukwaani nililisema mara tatu. Msemaji wa upande wa pili aliomba taarifa, akapewa, akauliza kwa upole: "Mwenzetu, katika vita nzima, Ulaya na Pasifiki, Marekani ilipoteza askari wangapi?" Sikujua. Ni laki nne na ushee. Yaani nilikuwa nadai kwamba visiwa vya Japani pekee vingeua zaidi ya mara mbili ya vita nzima, na sikuwa na neno la kulieleza hilo. Badala ya kukiri, nilimkemea. Nikasema anadharau damu ya watu. Ukumbi ulinishangilia, waamuzi wakatupa ushindi, na yule binti akarudi kukaa akiwa amejiinamia. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Mpaka leo naona nilimdhulumu.

Wakati wa chai akanijia mzee mmoja, babu wa mwanafunzi mwenzetu, ameshika fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza ile milioni nimeitoa wapi. Nikamwonyesha karatasi. Alikuwa anakijua Kiingereza cha jeshini. Akaweka kidole juu ya lile neno, akapandisha mguu wa suruali. Chini ya goti palikuwa na kovu lililokunjamana, pana kama kiganja. Alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana Bama (Burma) mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapigwa risasi na Wajapani.

"Jina langu liliandikwa chini ya neno hili hili," akasema. "Sasa mjukuu wangu, leo umeniua mbele ya wajukuu zangu."

Hakucheka. Alishusha suruali, akanywa chai yake. Baadaye akanisimulia kwamba habari ya bomu iliwakuta India, wakashangilia, maana waliona hawatarudi tena msituni. Akasema pia kwamba miaka mingi baadaye aliona picha za watoto wa Hiroshima, na hakupenda tena kukumbuka zile shangwe zao za siku ile. Sikumuuliza yuko upande gani. Nilikuwa natazama karatasi yangu.

Kwa hiyo tarakimu ikija mikononi mwako, iulize: nani kakutaja, lini, unahesabu nini? Juni 1945, miezi michache kabla ya siku ya uvamizi iliyopangwa Novemba 1, kamati ya mipango ya vita ya majeshi ya Marekani ilikadiria wafu 40,000 na jumla ya 193,500 ukiongeza majeruhi na waliopotea. Yalikuwapo makadirio mengine makubwa zaidi. Ya Stimson yalichapishwa vita imekwisha, ubishi umeshaanza. Hilo halimfanyi mwongo, ila linakulazimu utaje mwaka. Na ukiunga mkono huhitaji milioni: Okinawa, kuanzia Aprili hadi Juni 1945, iliua Wamarekani zaidi ya 12,000, na Wajapani na raia wa kisiwa kwa makumi elfu mengi. Rais Truman alikuwa na Okinawa mezani. Inatosha.

3. Upande wa kupinga, nanyi mna lenu. Mliushika ule uchunguzi wa Wamarekani wa mwaka 1946, unaosema Japani ingesalimu amri kabla ya mwisho wa 1945 hata bila bomu, bila Wasovieti, bila uvamizi. Ni ushahidi mzuri, lakini Truman hakuwa nao Agosti 1945. Tumieni vilivyokuwapo wakati ule: simu za maandishi za Togo kwa balozi wake wa Moscow, ambazo Wamarekani walikuwa wakizinasa na kuzisoma, na ombi la mwanafizikia Leo Szilard la Julai 1945, la kumsihi Truman asilitumie bomu kabla Wajapani hawajapewa masharti ya wazi ya kusalimu amri, lililosainiwa na wanasayansi 70 wa mradi wenyewe wa bomu, ingawa halikumfikia Truman kabla ya Hiroshima. Na mkumbusheni mwamuzi kwamba njia hazikuwa mbili tu, bomu au uvamizi. Palikuwa na kuwahakikishia Wajapani kuhusu mfalme wao, palikuwa na kuwasubiri Wasovieti, palikuwa na kuendelea kuwazingira baharini, ingawa kuwazingira nako ni kuua watu kwa njaa. Hiroshima na Nagasaki mzitenganishe. Mtu anaweza kuitetea ya kwanza akashindwa ya pili.

Halafu mliwataja wafu kama mnanadi mnada. "Laki moja na arobaini! Elfu sabini!" Jumba la kumbukumbu la Hiroshima lina kisanduku cha chakula cha mvulana wa shule ya kati. Asubuhi ile wanafunzi maelfu walikuwa wametolewa kwenda kubomoa nyumba ili kufungua njia za kuzuia moto. Mama yake alimtambua kwa kile kisanduku. Wali ndani umekuwa mkaa, haukuliwa. Mtaje huyo mmoja taratibu, kisha mtaje jumla.

4. Kuna aliyeuliza kutoka sakafuni, "Sisi inatuhusu nini?" Mkamzomea. Kosa! Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga, Kongo ya Wabelgiji, eneo ambalo watu wake wanaongea Kiswahili hiki hiki. Swali lake lilikuwa bora kuliko hotuba mbili za jukwaani.

5. Msisome karatasi. Msikatae taarifa zaidi ya mara mbili. Kengele ya kwanza ikilia, anza kufunga. Kunywa maji kabla, si katikati.

Ijumaa ijayo mada ni ileile, pande mnabadilishana. Nakala za makala ya Stimson na za lile ombi la Szilard nimeziacha maktaba, ziko sita, msizitoe nje. Msemaji wa kwanza wa kupinga, anza na kisanduku.