Je, Binadamu wa Leo Bado Anamhitaji Mnyama?

SWALI: Assalaam aleikum, Bibi Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Wete, Pemba. Binti yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 21, amerudi likizo kutoka chuo kikuu na kusema kwamba hali tena nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa kuwa binadamu wa leo hamhitaji mnyama kwa lolote, na kwamba mwani utampa kila alichokuwa akikipata kwa samaki. Sasa anataka mdogo wake wa miezi 9 naye alelewe hivyo hivyo. Baba yao ameghadhibika, anasema huku ni kuikataa neema ya Mungu. Nifanye nini?

JIBU: Waaleikumu salaam, mama. Nitaanza na baba, kwa kuwa ghadhabu ikikaa muda mrefu nyumbani hakuna tena anayemsikiliza mwenzake. Ni kweli kwamba Qur'ani, katika Sura ya An-Nahl, inawataja wanyama kuwa ni neema: kwao tunapata vya kututia joto, manufaa mengine na chakula. Hata hivyo, kilichohalalishwa si lazima kiwe kimefaradhishwa, na mtu anayeacha kula nyama bila ya kuiharamisha hajaikataa neema ya Mola wake. Huruma ya binti yako kwa mnyama ni jambo la kuheshimiwa, ingawa ningependa naye akumbuke kwamba kuku wanaochakura uani kwenu hawalingani na wale wanaofungiwa kwa maelfu katika banda moja, ambao pengine ndio waliomtia uchungu.

Sisi watu wa visiwani tumezoea kusema "leo hatuna kitoweo" hali ya kuwa chungu cha kunde za nazi kinatokota mekoni, kana kwamba chakula kisichokuwa na samaki si chakula. Hapo binti yako ana haki. Aliyekula wali kwa kunde, au kwa choroko au mbaazi, hakukosa protini, kwa sababu kinachopungua katika mchele kimo ndani ya kunde, na kinachopungua katika kunde kimo ndani ya mchele. Madini ya chuma yamo katika mchicha na kunde pia, ila mwili huyapokea kwa shida kuliko ya nyama na samaki. Kwa hiyo akamulie ndimu chakula chake, na chai ya rangi aiweke mbali na wakati wa kula, kwani huyazuia.

Kosa lake liko katika vitamini B12. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kwa nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimea haina ya kutegemewa. Chama cha kwanza cha watu wasiokula chochote cha mnyama kiliundwa Uingereza mwaka 1944, na B12 ikatambuliwa na kutengwa mwaka 1948, yaani waanzilishi wale walianza safari bila ya kujua kwamba kuna kitu watakachokikosa. Hatari yake ni kwamba ini huweka akiba ya miaka kadhaa, hivyo mtu hujiona mzima kabisa, kisha siku moja huanza kuhisi ganzi miguuni, uchovu na upungufu wa damu, na mishipa ya fahamu ikishaharibika sana huenda isirudi ilivyokuwa. Mwani hautamwokoa, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoonekana kuwa B12 ndani ya mimea ya baharini ni kitu kinachofanana nayo tu, ambacho mwili hauwezi kukitumia.

Simdharau mwani kwa kusema hivyo. Mwani ambao kina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiulima tangu 1989 hutoa utomvu wa kugandishia vyakula, na katika kazi hiyo huchukua nafasi ya jelatini inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Insulini nayo, dawa ya wagonjwa wa kisukari iliyoanza kutumika mwaka 1922, ilikuwa ikitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu 1982 ipo inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, na hiyo ndiyo wanayotumia wagonjwa wengi leo. Kwa hiyo haja yetu kwa mnyama imepungua kwelikweli, lakini haijapungua sawa kwa kila mtu.

Na asiyepunguziwa hata kidogo ni huyo wa miezi 9. Tumbo lake ni dogo, mahitaji yake ni makubwa, na hawezi kumaliza sahani ya kunde ili apate chuma na zinki anazohitaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku. Nakuomba sana, mama, usikubali kwa hili, hata binti akilia.

Kwa Pemba jambo hili halihitaji fedha nyingi. Chukua konzi ya dagaa wakavu wa Tumbe, uwaroweke na ubadilishe maji mara mbili ili chumvi waliyochemshiwa itoke, uwatoe vichwa na uwaanike tena. Kisha wakaange bila ya mafuta mpaka wavunjike wakibonyezwa, uwatwange kinuni na uwachekeche mpaka usibaki mwiba. Kijiko kimoja cha unga huo kitiwe katika uji wa mtoto kila siku, naye aendelee kunyonya.

Binti mwache na uamuzi wake, kwa sharti moja: anywe vidonge vya B12 bila ya kuacha, na kabla likizo haijamalizika aende hospitali akapimwe damu. Siku atakapopata ujauzito amweleze mkunga mapema namna anavyokula.