Pierogi zikifunguka kwenye sufuria, usilaumu maji

Juzi dada mmoja wa Gdańsk, mji wa huku Poland, kaniandikia. Ameolewa huko, Wigilia, yaani mkesha wa Krismasi, inakuja, na wakwe wameshamwambia safari hii pierogi ni zake, vile vitu vya unga vya nusu duara vinavyojazwa kama sambusa, ila vinachemshwa. Amejaribu zile za viazi, ruskie, zikaingia majini nzima, zikatoka ngozi peke yake na viazi peke yake. "Kaka, nisaidie, nitaaibika mbele za watu." Nilimjibu kwa kifupi, ila jambo hili nina mengi nalo. Na najua wengi mlioko huku mna kiu hiyohiyo: siku moja, kwenye meza ya wakweni, sahani yako ndiyo iishe kwanza.

Mimi ni mtoto wa mama muuza maandazi, Usa River. Mama alikuwa akiamka saa tisa usiku, na kwetu hapakuwa na cha mtoto wa kiume wala wa kike, wote tulikanda. Kwa hiyo nilipofika Łódź kusoma Kipoland kabla ya kuingia chuo, kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho katika nchi hii yote kilikuwa unga wa ngano.

Baadaye nikaoa, mjini Lublin. Jikoni kwa wakwe mwenye nyumba ni mama mkwe, lakini mwenye amri ni dada yake, mama mkubwa wa mke wangu. Krismasi yangu ya kwanza pale nilikunja mikono ya shati nikaingia kusaidia. Yule mama akanishika bega, akanirudisha sebuleni, akaniwekea bakuli la karanga mapajani. "Pumzika, mwanangu, kwenu hakuna unga wa ngano." Alisema kwa upole kabisa, na ndio maana iliuma. Hakuna unga! Ananiambia mimi! Nilizitafuna zile karanga zote huku nasikia mti wa kusukumia ukigonga meza upande wa pili wa ukuta.

Na msidhani Wazungu tu. Nilipoanza kuweka picha za pierogi zangu kwenye grupu letu la WhatsApp la Wabongo, jamaa zangu, watu niliowapokea stesheni na mabegi yao, wakaanza: "Shemeji ndiye amekuoa?" Nikatoka kwenye grupu. Sijarudi, na wakinialika kula siendi, kwa sababu najua wanachokula ni tambi za kuloweka.

Mlango wa jiko ulifunguliwa na marehemu, ajabu eh? Jioni moja tulikuwa tunaangalia kipindi kuhusu Wapoland waliobebwa na Wasovieti mwaka 1940 kupelekwa Siberia. Nikasema, kama utani, baadhi yao wamezikwa karibu na kwetu. Mama mkwe akanigeukia. Nikamwonyesha kwenye simu makaburi ya Tengeru, misalaba na majina ya Kipoland chini ya miti ya Arusha. Nikamweleza kwamba walioachiwa walipitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 wakaletwa Afrika Mashariki, wengi wao akina mama na watoto. Tengeru peke yake ilikuwa na watu kama 5,000. Hakusema kitu muda mrefu. Wiki iliyofuata akaniita: "Njoo ukande." Hivyo tu.

Sasa kazi. Chukua nusu kilo ya unga mweupe (huku kwenye pakiti tafuta namba 450 au 500), kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta, na maji ya moto karibu mililita 250. Nimesema ya moto, yametoka kuchemka, si vuguvugu. Maji hayo yanaupika wanga kidogo, unakunywa maji mengi zaidi, na donge linakuwa tulivu: ukilisukuma linabaki pale ulipolifikisha. Ukitumia maji baridi utalisukuma, litajivuta, utalisukuma tena, litajivuta tena. Yai wengine wanatia. Mama mkwe hatii, anasema linakaza, nami nimeona ni kweli. Koroga kwanza kwa mwiko usije ukaungua, halafu ingiza mikono na ukande mpaka donge liwe laini kama ncha ya sikio lako. Lifunike kwa bakuli, liache nusu saa. Najua mtairuka hiyo nusu saa. Msiiruke.

Ruskie ni viazi kilo moja, vile vinavyovurugika vikichemshwa, uviponde vingali moto. Twaróg nusu kilo. Vitunguu viwili vikubwa vilivyokaangwa mpaka vikaelekea kahawia. Chumvi, na pilipili manga nyingi kuliko unavyodhani. Twaróg ni maziwa mgando yaliyopashwa moto mdogo mpaka yakajitenga, kisha yakachujwa. Kwa hiyo mlioko nyumbani msilie kwamba hampati: mimina mgando kwenye sufuria, moto uwe wa chini sana, usikoroge ovyo, yakigawanyika chuja kwa kitambaa safi na ukining'inize mpaka kiache kudondosha. Yasichemke, yakichemka yanakuwa punjepunje ngumu.

Lakini wewe dada wa Gdańsk, ngoja. Wigilia ni tarehe 24 Desemba, na meza ile haina nyama. Pierogi zinazongojwa usiku huo, sehemu nyingi, ni za kabichi iliyochachushwa na uyoga. Uyoga wenyewe ni wa porini, uliokaushwa. Watu wanauokota msituni vuli na kuuning'iniza jikoni kwa uzi. Uloweke usiku kucha, uchemshe, na maji yake usiyamwage, ni dhahabu kwa supu. Kabichi ichemshe, ikamue, ikatekate ndogo sana, kisha ikaange pamoja na uyoga na vitunguu mpaka chini ya sufuria pakauke. Hapa ndipo pierogi zako zinapofia, mapema, kabla hata hujawasha moto wa kuzichemshia. Kamua kabichi kwa mikono miwili. Ukiona umemaliza, kamua tena. Mjazo wowote ukiwa na maji, au ukiwa bado wa moto, unalowesha ngozi kwa ndani, na ngozi iliyolowa itafunguka tu, hata uibane kwa koleo. Kavu na baridi. Nitarudia mpaka mchoke: kavu na baridi.

Kuhusu kufunga, nilikaa kimya na kutazama mikono ya mama mkwe mpaka nikaelewa. Anasukuma donge liwe jembamba, unene wa milimita mbili hivi, anakata duara kwa mdomo wa glasi. Duara analilaza kwenye kiganja cha kushoto, anaweka mjazo katikati, hajazi kwa tamaa. Anakunja, na bano la kwanza ni juu kabisa, katikati. Kisha kidole gumba kinashuka upande mmoja, kikisukuma hewa itoke mbele yake, halafu upande wa pili. Akifika mwisho anarudia njia nzima, bano juu ya bano. Na kila baada ya pierogi moja, kila moja, anafuta gumba kwenye aproni. Sikuelewa kwa nini mpaka nilipoona doa la mafuta ya vitunguu kwenye ukingo wa moja niliyoifunga mimi: palipo na mafuta hapashiki. Palipo na unga mkavu pia hapashiki, kwa hiyo nyunyizia meza, si ukingo. Sambusa tunaibandika kwa uji wa unga. Huku donge linajishikilia lenyewe, mradi halijapigwa na upepo. Lile ambalo bado hujalitumia lifunike kwa kitambaa chenye unyevu.

Kuchemsha ni rahisi. Sufuria pana, maji mengi yenye chumvi, zitie chache chache, pitisha mwiko chini zisigande, zikielea zipe dakika mbili au tatu, toa kwa kijiko cha matundu. Juu mwagia vitunguu vya siagi. Siku za kawaida Wapoland wanaweka vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Asiyekula, siagi inatosha na haipunguzi kitu.

Mwaka jana Wigilia pierogi zote zilikuwa zangu. Mama mkubwa alikula, akanyamaza, akaongeza, kisha akamuuliza mdogo wake ameweka nini safari hii. Mama mkwe akajibu, "Muulize mkwe." Yule mama alinitazama kwa muda, halafu akaomba za kubeba. Nilimfungashia mwenyewe kwenye kopo, na pembeni nikamwekea karanga. Sijui kama alielewa. Mke wangu alielewa, aliniminya mguu chini ya meza.

Sasa niwaambie wanaume wenzangu mlioko ughaibuni, na mkinichukia sawa. Mnakaa kwa wakwe miaka, hamjui hata kijiko kinawekwa droo gani, halafu mnalalamika kwamba mnaonekana wageni. Mtaonekanaje wenyeji? Mkwe wa Kizungu humshindi kwa zawadi, zawadi anazo. Shika unga wake, mbele yake, ukosee mbele yake, akurekebishe. Lugha utaijua huko huko jikoni, maana pale hakuna anayekusahihisha kwa kukucheka, kila mtu ana mikono michafu. Na dada zetu, acheni kununua za dukani na kuzihamishia kwenye bakuli lenu. Wanajua. Za mashine kingo zake zinafanana zote.

Dada wa Gdańsk uliniuliza pia kama unaweza kuzitengeneza mapema. Ndiyo, na ndivyo ninavyofanya. Zipange kwenye sinia lililonyunyiziwa unga, zisigusane, ziingie kwenye friza hivyohivyo. Zikishakuwa ngumu ndipo uzitie kwenye mfuko. Siku yenyewe usiziyeyushe: zitoke kwenye friza ziende moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Na zikibaki, asubuhi yake zikaange kwa siagi mpaka tumbo lipate rangi. Hizo usimpelekee mtu, kula wewe.