Atoll K: itazameni, ila chagueni nakala

Swali la wiki hii: ni filamu gani ya mwisho ya wachekeshaji wakongwe inayostahili kutazamwa tena, na itazamwe vipi? Jibu langu ni Atoll K, filamu ya mwisho ya Stan Laurel na Oliver Hardy, wachekeshaji wawili walioigiza pamoja, iliyotoka mwaka 1951. Wengi huizima baada ya dakika 20, na mara nyingi wanachokizima ni nakala mbovu.

Kwa hiyo nianze na nakala. Filamu hii ni ya Wafaransa na Waitalia, na iliuzwa kwa majina tofauti: Atoll K Ufaransa, Atollo K Italia, Robinson Crusoeland Uingereza mwaka 1952, na Utopia Marekani mwaka 1954. Hizo mbili za mwisho zilipunguzwa hadi dakika 82 hivi, wakati za Ufaransa na Italia zinazidi 90. Utopia haina tena hakimiliki Marekani, ndiyo maana imezagaa: mtu hurudufu nakala ya nakala mpaka picha inakuwa giza na sauti inakwaruza. Kabla ya kubonyeza, soma muda wake. Ukikuta 82, endelea kutafuta. Lipo toleo refu la Kiingereza linalozidi dakika 90, na hilo ndilo la kutazama.

Kwa nini la Kiingereza, wakati waliotengeneza ni Wafaransa? Kwa sababu mbele ya kamera kila mtu alisema lugha yake. Laurel na Hardy walizungumza Kiingereza, waigizaji wenzao Suzy Delair na Max Elloy Kifaransa, Adriano Rimoldi Kiitalia. Sauti za wengine zikabandikwa baadaye studioni. Katika toleo la Kiingereza unabaki na sauti halisi za wawili hao. Katika toleo la Kifaransa unawapata wenzao lakini unawakosa wao, na bila sauti zao filamu hii inabaki mifupa.

Hapo ndipo penye ugonjwa mkubwa wa filamu yenyewe. Vichekesho vya Laurel na Hardy vinaishi kwenye kimya. Hardy anapata pigo, anageuka taratibu, anaitazama kamera, na wewe unacheka katika nafasi hiyo. Zamani, kwenye studio ya Hal Roach, filamu zao zilionyeshwa kwanza kwa watazamaji wa kawaida, vicheko vikasikilizwa, kisha mkanda ukakatwa upya ili nafasi hizo zitoshe. Sasa fikiria mwigizaji asiyeelewa sentensi ya mwenzake: anasubiri midomo isimame ndipo ajibu. Wakati mwingine anachelewa, wakati mwingine anawahi. Anayebandika sauti naye analazimika kujaza mdomo uliokwisha kufunguka, basi anakimbiza maneno au anayavuta. Kila jibu likiteleza kidogo tu, mzaha umekufa. Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, tazama kwanza The Music Box ya 1932, filamu fupi ya kupandisha piano kwenye ngazi, halafu uingie Atoll K siku hiyohiyo.

Ugonjwa wa pili ni wa mwili. Kazi ilianza Agosti 1950 na ilipangwa kumalizika kwa wiki 12. Ilimalizika Aprili 1951. Laurel, aliyekuwa tayari na kisukari, aliugua tezi dume na kuhara damu, akalazwa Paris, na uzito wake ukashuka hadi kilo 52 hivi. Aliporudi kazini aliweza kuigiza muda mfupi tu kwa mkupuo mmoja. Tazama mashavu yake: yamebonyea, na nguo zinamning'inia. Hardy, kinyume chake, alikuwa mnene kuliko wakati wowote, na moyo ukimsumbua. Mwongozaji aliyeandikwa ni Léo Joannon, lakini Mmarekani John Berry naye alishika hatamu bila jina lake kutajwa. Yote haya yanaonekana kwenye picha, na ni heri kuyajua mapema, kwa sababu asiyeyajua hushtuka na kuacha kucheka.

Lakini mbona niitetee? Kwa sababu hadithi yake ina meno kuliko karibu zote walizowahi kuigiza. Stan anarithi fedha, na wanasheria wanazirudisha mezani kidogo kidogo, kodi hii, ada ile, mpaka anabaki na boti na kisiwa cha mbali. Wanaondoka Marseille pamoja na Antoine, mtu asiye na uraia ambaye hakuna bandari inayomkubali, na fundi mwashi wa Kiitalia aliyejificha botini. Dhoruba inawatupa kwenye kisiwa kilichoibuka baharini. Wanaunda jamhuri isiyo na sheria, kodi, fedha wala pasipoti. Hardy anakuwa rais, wengine wanapewa vyeo, na Stan anakuwa wananchi. Kisha uraniamu, madini ya thamani ya nyuklia, inagunduliwa, watu wanamiminika, na uhuru ule usio na sheria unawageukia waasisi wake hadi wanakaribia kunyongwa. Filamu hii ilipigwa miaka mitano tu baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Ulaya ikiwa bado imejaa watu wasio na hati. Antoine hakubuniwa hewani.

Ukiwa na muda mchache, nenda kwenye sehemu tatu: ofisi ya wanasheria, boti la mpira linalojaa upepo ndani ya chumba cha chini wakati wa dhoruba, na mgawanyo wa vyeo vya serikali. Katika hizo mbili za kwanza wawili hao hawahitaji jibu la haraka kutoka kwa mtu wa lugha nyingine, na ule mwendo wao wa zamani unarudi.

Msiihesabu kama kwaheri iliyopangwa. Baada yake walizunguka Uingereza jukwaani mwaka 1952, wakarudi tena 1953 na 1954, mpaka moyo wa Hardy ulipokataa. Alifariki Agosti 1957, na Laurel, aliyeishi hadi Februari 1965, hakuigiza tena bila yeye.