Sauti zilipungua, kamba ikabaki

Dada uliyeuliza jana kama mdogo wako mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) aongee na mnasihi kuhusu yaliyompata, au atavurugika upya: mimi ni mgonjwa mwaka wa 13 sasa, nachomwa sindano kila mwezi. Nakujibu kwa niliyopitia.

Nilipougua mara ya kwanza nilianzia kwa mganga. Nilifungwa mguu kwa kamba ya katani kwenye mwembe, wiki tatu. Wazee siwalaumu sana, walihangaika walivyojua. Hospitali ilipokuja kunipa dawa, sauti zilipungua, lakini usiku nilikuwa nashtuka nimeshika kifundo cha mguu na pua imejaa ubani. Nikieleza kliniki, naongezewa dozi. Kila nilichosema kilihesabiwa ugonjwa. Lakini sauti zilinitukana saa yoyote, mambo ambayo hayapo. Kamba ilikuwepo, na alama yake ninayo mguuni.

Baada ya miaka ndipo nikampata mwanasaikolojia aliyetaka kuisikia. Tiba yake ilikuwa ya kusimulia maisha tangu kuzaliwa, ile iliyotumika kwa wakimbizi kambini Uganda. Kamba inatandazwa sakafuni ndiyo maisha yako, mawe ni mabaya, maua ni mazuri. Basi mama wa watu akafungua mkoba, akatoa kamba. Ya katani! Nilijikuta kituo cha daladala, viatu nimeviacha ofisini kwake.

Kikao kilichofuata aliniomba radhi, akachora mstari kwa chaki. Niliweka jiwe moja kubwa na maua manne ya plastiki. Tulipofika kwenye jiwe tulikaa hapo vikao vitatu: nani alifunga fundo, jua lilikuwa wapi, nilisema nini. Nikiinua mkono, tunasimama.

Sikufichi, wiki mbili za mwanzo usingizi ulikata na sauti moja ikarudi. Alimpigia daktari wangu siku hiyo hiyo. Dawa sikuacha hata siku moja. Wanaosema wagonjwa wa aina yetu hatuwezi kuguswa kwenye kumbukumbu mbaya waangalie Uholanzi: matokeo ya utafiti wa 2015, watu 155 wenye saikosisi (akili kupotewa na uhalisia, kama yetu) na kiwewe (jeraha la moyo kwa yaliyompata mtu), vikao 8 vya tiba ya kiwewe vya dakika 90, bila miezi ya kuwaandaa kwanza. Waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliobaki kwenye foleni, na tiba haikuwazidishia ugonjwa.

Kwa mdogo wako, hakikisha mnasihi na daktari wana namba za simu za wenzao. Kama siku hizi halali kabisa au hajui yuko wapi, mngoje atulie kwanza. Na tafadhali, msimkalishe sebuleni na mashangazi mkimwambia "sema yote utoe moyoni". Kwangu lilifanyika hilo, nililazwa.

Jinamizi bado linakuja, labda mara moja kwa mwezi. Nguo naanika kwenye waya.