"Vez" ni mara, acheni kuipitisha kwenye Kiingereza

Juzi msomaji mmoja, guide wa Moshi anayepandisha wageni Kilimanjaro, kaniandikia kwamba Kihispania kimemshinda. Programu ya kwenye simu inampiga mkasi kila akiandika "muchos tiempos" akitaka kusema mara nyingi, anauliza kama umri ndo umeshampita. Kaka, umri wako hauna tatizo lolote. Unasoma Kihispania kupitia Kiingereza, na Waingereza wana taimu moja tu wanaibebesha kila kitu.

Mspania anatenganisha kama sisi tu. Saa ni hora, muda ni tiempo, mara ni vez. ¿Qué hora es? saa ngapi. No tengo tiempo, sina muda. Muchas veces, mara nyingi. Ni neno la kike, la vez, na wingi wake z inageuka c, veces, basi.

Mimi hili nalisema na kinyongo kidogo, mnisamehe. Nilipofika Valencia, huku Spania, nilianza kwenye shule moja ya lugha, jina siitaji, mwalimu alikuwa hataki kabisa tuandike maana kwa lugha zetu, ni Kiingereza au usiandike. Siku kaona kwenye daftari langu nimeandika vez = mara, kalinyanyua juu darasa zima waone, watu wakacheka, akasema kwa mtindo huo B1, ile ngazi ya kati ya lugha, nitaisikia kwa wenzangu. Haya, mwezi uliopita matokeo ya DELE yametoka, ule mtihani wa Kihispania wa Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Spania, B2, ngazi ya juu ya B1, nimeandikiwa APTO, yaani nimefaulu, na kwenye kuongea ndo nimepata maksi nzuri kuliko kote. Nilitaka nimtumie cheti WhatsApp, mke wangu akanikataza. Daftari bado ninalo lakini.

Turudi kwenye neno. Matamshi kwanza, maana hapa sisi tunabebwa: Spania sehemu kubwa wanasema "beth", na hiyo th ni ileile ya thelathini, wenzetu darasani walikuwa wanatoa ulimi nje mpaka huruma. Ukikutana na mgeni wa Mexico au Argentina utasikia "bes", sawasawa kabisa na ves, yaani unaona, usipanick, sentensi yenyewe itakuonyesha ni ipi.

Sasa guide wangu, silaha yako ni alguna vez. Hii ndo "-wahi" yetu. Kabla hamjaanza kupanda unamuuliza mzee wa watu: ¿Ha subido alguna vez a más de 4.000 metros? Umewahi kupanda zaidi ya mita 4,000? Akijibu "sí, dos veces", ndiyo, mara mbili, unashusha pumzi, akijibu "nunca, es la primera vez", sijawahi, ni mara ya kwanza, unajua huyu ni wa kwenda naye poco a poco, pole pole, na maji mengi. Mkizidi kupanda unamwambia cada vez hace más frío, baridi inazidi. Hapo mgeni anakuona wewe ndo mwenyewe, na tip inajileta.

Kwenye dawa pia, una pastilla tres veces al día ni ile moja mara tatu ya kwenye bahasha ya duka la dawa. Ila hesabu usiipeleke huko, tatu mara nne ni tres por cuatro.

Na mara yetu ina ujanja wake, kuna sehemu haiendi. "Nakuja mara moja" ukisema vengo una vez mtu atakushangaa, sema vengo enseguida. "Mara tukaona tembo" ni de repente vimos un elefante. Halafu en vez de ni badala ya, tal vez ni labda, a la vez ni kwa wakati mmoja, hizo meza kama zilivyo, usitafute mara ndani yake. Ukisikia mgeni anasema ¡vámonos de una vez!, twendeni basi, ujue kashachoka kusubiri, washa gari.

Kuna moja vitabu vingi havina. Mercado Central ya hapa Valencia, soko la tangu 1928, unafika kwenye samaki unakuta kina mama wamesimama ovyo ovyo, hakuna foleni. Kumbe ipo, kila mtu anajua yuko nyuma ya nani. Unauliza ¿quién da la vez?, nani wa mwisho, mmoja anasema yo, mimi, basi wewe unamfuata yeye. Hapo vez ni zamu. Usipouliza utasimama mpaka pweza waishe.

Niseme ukweli, vijana wengi mnajifunza lugha kwa kuona aibu na ya kwenu. Unajua mara, zamu, muda, saa, -wahi, -zidi tangu hujaanza shule, halafu unaviweka pembeni unaenda kuhangaika na taimu. Andikeni Kiswahili daftarini. Akicheka mtu acheke. Narudia, andikeni Kiswahili daftarini, na sentensi ziwe za kazi yako, siyo za paka yuko chini ya meza.

Wa Moshi, nitumie sentensi zako kumi za alguna vez nizisahihishe, voice note pia sawa. Wengine mnaoniomba PDF kila siku, PDF sina.