Jibu: Timu B ikiongoza 3. Liga, nani anapanda?
Mkuu, umeuliza kuhusu msimu ujao wa 3. Liga, ligi ya daraja la tatu Ujerumani: timu B, yaani timu ya akiba ya klabu, ikimaliza kileleni, nani anapanda?

Timu B haipandi kabisa. Inarukwa, na anayefuata kwenye msimamo anasogea juu. Angalia 2019/20: Bayern München II walitwaa ubingwa wakabaki palepale. Würzburger Kickers na Eintracht Braunschweig walipanda moja kwa moja, na Ingolstadt, waliokuwa wa nne, wakacheza mchujo na Nürnberg, timu ya 16 ya 2. Bundesliga, daraja la pili. Ingolstadt walifungwa 2-0 ugenini, nyumbani wakaongoza 3-0, kisha Schleusener wa Nürnberg akafunga dakika ya 96. Jumla ikawa 3-3, na Nürnberg wakabaki kwa kanuni ya bao la ugenini: jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini anashinda. Iliuma sana! Siku hizi kanuni hiyo imefutwa. Jumla ikilingana, zinaongezwa dakika 30.

Basi ukisoma msimamo, ondoa timu B kwanza ndipo uhesabu wawili wa kupanda na mmoja wa mchujo. Mkiani usiziondoe: kati ya timu 20, nne za mwisho zinashuka, timu B zikiwemo.

Pointi nazo zinaweza kuyeyuka. Türkgücü München walipojitoa kwa kufilisika Machi 2022, matokeo yao yote yalifutwa, na waliokuwa wamewafunga wakapoteza pointi hizo.